Watoto Waanze kwa Kuanguka

Mazungumzo yaliyotolewa kwa wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka



Nimepewa dakika kumi nieleze kifungu kimoja cha bajeti, kile kilichozua minong'ono tangu karatasi zigawiwe: michezo ya judo kwa watoto wa darasa la awali hadi la tatu. Mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, madawati hayatoshi, nyinyi mnataka kufundisha watoto kupigana?" Swali ni halali, na mimi kama mhasibu ningeliuliza hata asingeuliza yeye.

Judo haina ngumi wala mateke. Ilianzishwa Tokyo mwaka 1882 na Kano Jigoro, aliyekuwa mwalimu. Alianza katika hekalu moja la Kibudha, kwenye chumba cha mikeka 12, yaani mita za mraba 20 hivi, akiwa na wanafunzi tisa. Nakitaja chumba hicho kwa sababu stoo ya zamani ya shule yetu, ile iliyoezekwa bati jipya, ni kubwa kuliko hapo. Mwaka 1964 mchezo huu uliingia kwenye Olimpiki, na mwaka 2016 kule Rio de Janeiro, Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania. Sisi lakini hatutafuti medali. Tunataka mtoto ajue kuanguka, na ajue kuacha mwenzake anaposema basi.

Njia zetu mnazijua. Mtoto wa kwetu anapanda mparachichi, anateremka na ndoo kichwani kwenye utelezi wa masika. Akianguka, anawahi kunyoosha mkono ili ajizuie, na mkono huohuo ndio unaovunjika. Judo inamzoesha kinyume chake: kidevu kifuani, mgongo wa duara, mikono yote miwili ipige mkeka kwa pamoja ili kishindo kisiishie mahali pamoja.

Sasa, mtoto wa miaka sita huwezi kumweleza habari za kishindo. Unamchezesha. Watoto wanachuchumaa, mwalimu anaita "Parachichi bichi!" nao wanakumbatia magoti kwa nguvu. Akiita "Limeiva!" wote wanajiachia kwa nyuma na kupiga mkeka, na kicheko kinajaa chumba. Ambaye kichwa chake kimegusa mkeka anarudia akiwa amelala chali, bila kuchekwa. Wanaanza wakiwa wamelala, kisha wamekaa, kisha wamechuchumaa. Kuanguka kutoka kusimama ni jambo la baada ya wiki nyingi. Mwalimu mwenye haraka huumiza watoto.

Upo mchezo wa mkia. Kila mtoto anachomeka kipande cha khanga nyuma kiunoni. Kazi yake ni kunyakua mkia wa mwenzake bila wake kuchukuliwa, na haruhusiwi kumshika mtu. Wao wanadhani wanafukuzana tu, kumbe wanajifunza kugeuka na kuzunguka bila kupishanisha miguu, jambo ambalo mtu mzima hulihangaikia miezi. Mwanangu hufanya mazoezi haya Dar es Salaam kila Jumamosi, nami hukaa kwenye benchi na makaratasi yangu ya hesabu. Nimeona kwamba mwalimu mzuri huukatisha mchezo ukiwa bado mtamu. Dakika tatu, basi, mwingine. Akiwaacha mpaka wachoke, ndipo ugomvi unapoanza.

Wa tatu ni mchezo wa kobe, na huu ndio ulionifanya niombe kifungu hiki. Mtoto mmoja anajikunja kifudifudi kama kobe, mwenzake ana sekunde 10 za kumpindua chali. Aliye chini akigonga mkeka mara mbili, au akisema "basi", wa juu anaachia papo hapo. Hakuna "subiri kidogo", hakuna "anadeka tu huyo". Asiyeachia anakaa nje mzunguko mzima, hata awe ndiye hodari kuliko wote, hata awe mjukuu wa Mwenyekiti (samahani, Mwenyekiti). Ndugu zangu, mfikirieni msichana wa miaka saba anayezoea, wiki baada ya wiki, kwamba neno lake moja linamsimamisha mtu aliyemzidi nguvu. Na mfikirieni mvulana aliyezoea kuachia. Sisi tulikua tukiambiwa kwamba mtoto anayemkatalia mkubwa hana adabu, na wengi humu ndani tunajua watoto walionyamaza kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo nimeweka masharti, na naomba yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Kila kipindi kiwe na watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke. Mlango ubaki wazi, na mzazi yeyote aingie kutazama bila kuomba ruhusa. Watoto wasizidi 10 kwa kila mwalimu. Kukaba shingo na kupinda viungo ni mambo ya wakubwa, hayaingii kabisa. Wasichana wanaojisitiri wavae suruali ya michezo, fulana ya mikono mirefu na kofia ya kubana isiyo na pini. Siku iwe Jumamosi alasiri, madrasa ikishatoka, na Jumapili ibaki ya kanisa. Sharti moja likikosekana, pesa zibaki benki.

Tukija kwenye pesa zenyewe: katika kila shilingi 100 tunazoomba, 60 ni sakafu. Eneo la mita 6 kwa 6 lingehitaji mikeka 18 ya judo ya mita 1 kwa 2, na bei yake hatuiwezi. Tumechagua njia ya zamani: fremu ya mbao, ndani yake maranda makavu yaliyoshindiliwa, juu turubai lililovutwa na kukazwa pembe zote. Likazwe kila wiki, maana likilegea vidole vya miguu hunasa. Shilingi 25 ni za kuwapeleka walimu wetu wawili wakajifunze kwa wenye ujuzi kabla mtoto hata mmoja hajaanguka. Shilingi 10 ni sanduku la huduma ya kwanza na kufuli, 5 ni dharura. Mikanda ya rangi na sare ni sifuri. Hapo mjini nimeona mkanda unavyogeuka biashara, kila rangi na ada yake ya mtihani. Watoto wetu wavae fulana.

Mzee wangu wa pale mlangoni, kifungu cha madawati hakijaguswa, kiko ukurasa unaofuata. Makusanyo ya leo yasipofikia vyote viwili, kura yangu ni madawati yaanze na judo isubiri mwakani. Ninachopinga ni kuifuta, kwa sababu kifungu kikishafutwa hapa huwa hakirudi. Wenye kumbukumbu za barabara ya juu wananielewa.

Fomu za ahadi ziko kwa Mweka Hazina, meza ya kushoto. Wenye mashine za mbao, naomba majina yenu kabla hamjaondoka. Kwa unene wa sentimita 15 tunahitaji kama mita za ujazo 5 na nusu za maranda baada ya kushindiliwa, hivyo yatakayoletwa yazidi hapo, na yawe makavu, yasiyo na misumari.