Kuongoza ni Kutumikia



Sisi tuliotoka Kigwena tunajua kuwa mvuvi kijana hafundishwi nyavu kwa hotuba. Hupandishwa mtumbwini pamoja na mkubwa wake. Hivyo ndivyo mtumishi wa Mungu anavyokuza imani ya wengine.

Tunaikumbuka Seminari Ndogo ya Buta, katika uliokuwa mkoa wa Bururi. Baada ya mauaji ya 1993, gambera wake, Padri Zacharie Bukuru, aliwahimiza wanafunzi Wahutu na Watutsi wazungumze waziwazi, wasali na waishi pamoja. Tarehe 30 Aprili 1997 wavamizi waliwaamuru wajitenge kwa makabila. Walikataa, na vijana 40 wakauawa. Saa ile hawakungoja kuamuliwa na mkubwa. Walikuwa wamekwisha kukomaa.

Tarehe 29 Desemba 2003 Askofu Mkuu Michael Courtney, balozi wa Papa, alipigwa risasi Minago, katika barabara yetu ya ziwani, akirudi kutoka mazishi ya padri. Cheo hakikumzuia kwenda kwa wafiwa.

Basi, watumishi wetu wa hapa kambini, tunawaomba mambo mawili. Simameni nasi kwenye foleni ya posho kama mnavyosimama madhabahuni. Tena msiwagawe waumini kwa mwaka waliokimbia, iwe 1972, 1993 au 2015. Kondoo hawatatengana wakiona wachungaji wao hawatengani.