"Na", "Kwa" na "Kwenye": Utata wa Lugha katika Madai ya Hataza za Mifumo ya Kuunganisha Betri

1.0 Utangulizi

Mji wa Makambako umekaa kwenye njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana hapo na barabara iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake mjini humo. Mahali pa namna hiyo hapakosi mafundi wa betri. Malori makubwa kwa kawaida hutumia umeme wa volti 24, unaopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 kwa mfululizo. Kilomita zipatazo 60 kusini, katika vilima vya Njombe, nyumba zilizo mbali na nguzo za gridi hutegemea umeme wa jua, ambao nao huhitaji betri, mara nyingi zilizounganishwa sambamba ili akiba iongezeke. Njia ya umeme wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018 na kubadili hali ya mikoa hiyo. Lakini kazi ya kuunganisha betri haikukoma.

Kazi hiyo ina matatizo yake, na penye matatizo hutokea ubunifu. Viungo hulegea kwa mtikisiko wa barabara, shaba huota kutu, cheche huruka pale ncha chanya na ncha hasi zinapoguswa na spana moja. Fundi anayepata njia mpya ya kuzuia mambo hayo anaweza kuomba hataza. Hapo ndipo kazi yake inapotoka mikononi na kuingia katika sentensi. Mhadhara huu unahusu sentensi hiyo. Hoja yake ni kwamba utata wa madai ya hataza yakiandikwa kwa Kiswahili hautokani hasa na uhaba wa istilahi, kama inavyodhaniwa na wengi, bali hukaa katika maneno madogo na katika sarufi. Na kwamba sarufi hiyohiyo inazo nyenzo za kuuondoa.

2.0 Dai ni nini

Hataza nchini Tanzania Bara husimamiwa na BRELA kwa mujibu wa Sheria ya Hataza (Usajili) ya mwaka 1987. Mwombaji anaweza pia kupitia ARIPO, shirika la kikanda lenye makao yake Harare, ambako maombi huandikwa kwa Kiingereza. Kwa njia zote mbili ombi huwa na maelezo, michoro inapohitajika, na madai. Maelezo hufundisha jinsi uvumbuzi unavyofanya kazi. Madai huweka mpaka: kilichomo ndani ya maneno yake kinalindwa, kilichobaki nje ni cha kila mtu. Kwa sababu hiyo sheria hutaka madai yawe wazi, mafupi, na yenye kuungwa mkono na maelezo.

Neno lenyewe "dai" lina mzigo. Katika Kiswahili cha kila siku, madai ni deni linalodaiwa, au tuhuma ambayo bado haijathibitishwa; mahakamani, madai ni shauri lisilo la jinai. Dai la hataza si lolote kati ya hayo. Linafanana zaidi na mawe ya mpaka wa shamba. Mwanafunzi wa tafsiri asiyelitambua hilo huandika dai kama sifa ya bidhaa ("mfumo bora na imara wa kuunganisha betri"), na sifa haziweki mpaka.

3.0 Mafunzo kutoka mahakama za nje

Kiingereza, ambacho kimetumika kuandika madai kwa muda mrefu, hakikusalimika. Katika kesi ya Catnic dhidi ya Hill & Smith, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1980, mabishano yalikuwa juu ya neno lenye maana ya "wima". Dai lilisema kwamba bamba la nyuma la linteli ya chuma limesimama wima. Mshindani alilitengeneza la kwake likiwa limeinama kwa nyuzi chache tu. Malodi waliamua kwamba msomaji mwenye ujuzi wa kazi ya ujenzi asingelichukua neno hilo kwa kipimo cha mwanahisabati, na mshindani akashindwa.

Mwenye hataza hawi na bahati hiyo kila mara. Mwaka 2004, katika kesi ya Chef America dhidi ya Lamb-Weston, mahakama ya rufani nchini Marekani ilisoma dai lililoeleza kupasha joto donge la unga hadi kiwango cha kati ya Farenhaiti 400 na 850. Mwombaji alikusudia joto la tanuri. Lakini dai lilisema unga upashwe joto hadi kiwango hicho, na unga uliofikia joto hilo ungeungua ukawa mkaa. Mahakama ilikataa kuandika upya dai. Kihusishi kimoja, sawa na "hadi" mahali pa "katika", kilitosha kuufanya ulinzi kuwa kitu kisichofaa kwa mwenyewe.

Kwa hiyo msomaji makini hakuangalia tu maneno makubwa kama "linteli" au "tanuri". Aliangalia kihusishi.

4.0 Mahali utata unapokaa

4.1 Kazi tatu za "na"

Izingatiwe sentensi ifuatayo, iliyobuniwa kwa ajili ya uchambuzi:

(1) Mfumo ambamo betri ya kwanza imeunganishwa na ukanda wa shaba.

Katika kauli ya kutendwa, "na" huweza kumtaja mtenda au kisababishi, kama katika "milima imefunikwa na ukungu". Kwa usomaji huo, ukanda ndio unaoiunganisha betri na kitu kingine ambacho hakikutajwa. Lakini "na" huonyesha pia uambatano, kama katika "behewa limeunganishwa na kichwa cha treni". Kwa usomaji wa pili, ukanda wenyewe ndio uliopachikwa kwenye betri, na huenda haupeleki umeme popote.

Tofauti hiyo ina gharama. Mshindani akipachika ukanda wa shaba kwenye betri moja ili kuondoa joto tu, yumo ndani ya dai kwa usomaji wa pili na yuko nje kwa usomaji wa kwanza. Na endapo ukanda wa namna hiyo ulikwishajulikana zamani, usomaji wa pili huweza kuliangusha dai zima kwa kukosa upya. Ikiongezwa "na fyuzi" mwishoni mwa sentensi (1), hujitokeza kazi ya tatu, ya kuunganisha maneno: je, fyuzi nayo imeunganishwa na betri, au ni kifaa kingine kilichomo katika mfumo?

Mfasiri anayelipeleka dai hilo katika Kiingereza hulazimika kuchagua usomaji mmoja. Akikosea, fundi asiyesoma Kiingereza hatajua. Na baada ya ombi kuwasilishwa, marekebisho hayaruhusiwi kuongeza jambo ambalo halikuwamo tangu mwanzo.

4.2 Ngeli na upatanisho

Upatanisho wa kisarufi ni hazina ambayo Kiingereza hakina. Katika "kifuniko cha betri kilichokazwa kwa skrubu", kiambishi ki- kinaonyesha bila shaka kwamba kilichokazwa ni kifuniko. Lakini maneno mengi ya mkopo huingia katika ngeli ya I-ZI, na humo hazina hiyo hukauka. "Fyuzi ya betri iliyofunikwa kwa kihami" haisemi kama kilichofunikwa ni fyuzi au betri. Betri, fyuzi, swichi, kebo, seli na klampu zote zimo katika ngeli hiyo, na hizo ndizo nomino zinazojaza madai ya aina hii.

Ngeli hiyo huficha idadi pia. "Mfumo wenye betri" waweza kuwa na betri moja au kumi. Aidha, neno "betri" katika matumizi ya kawaida hubeba dhana mbili: betri ya gari ya volti 12, yenye seli sita ndani yake, na betri ndogo ya tochi, ambayo kitaalamu ni seli moja. Dai linalohusu kuunganisha seli ndani ya betri moja halifanani kabisa na lile la kuunganisha betri mbili, hata kama fundi hutumia neno moja kwa yote mawili na wateja wake wakamwelewa.

4.3 Kauli ya kutendeka

Kiambishi -ik- hueleza hali iliyopo au uwezekano. "Betri zinazounganishika" ni zilizokwisha kuungana, au ni zile zinazoweza kuunganishwa? Kwa mwenye duka la vipuri, swali hili si la darasani. Kwa usomaji wa uwezekano, anayeuza vipande vikiwa mbalimbali ndani ya boksi huenda akawa anaingilia haki ya mwenye hataza; kwa usomaji wa hali, vipande hivyo havijawa mfumo.

4.4 Sifa zisizo na kipimo

Maneno kama "nene", "karibu" na "baridi" hutegemea aliyesema na alipo. Jambo hili huonekana waziwazi kwa neno "baridi". Betri ya risasi na asidi hupungukiwa nguvu joto linaposhuka, na dai laweza kutaja kiungo kinachofaa "mahali penye baridi". Mkazi wa Njombe, aliyezoea asubuhi za Juni na Julai, na mkazi wa Dar es Salaam hawatachora mpaka mmoja kwa neno hilo. Hapa hakuna hila ya sarufi itakayosaidia. Kinachotakiwa ni nyuzi za Selsiasi, na kwa unene, milimita.

5.0 Kutoka istilahi hadi sentensi

Juhudi za kukuza msamiati wa Kiswahili ni za muda mrefu: Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, BAKITA mwaka 1967, TUKI mwaka 1970, na kamusi ya TUKI ya biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990. Kwa kazi hizo, maneno kama "kipitishi", "kihami" na "mzunguko wa umeme" si mageni shuleni. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa inapobidi. Hata hivyo, orodha ya istilahi haiwezi kuamua kama "na" ni ya mtenda au ya uambatano. Uamuzi huo ni wa kaida ya uandishi.

Kaida inayopendekezwa ni nyepesi. Ndani ya madai, "kwa" itaje nyenzo. "Kwenye" itaje mahali kitu kilipokazwa. "Na" ibaki kuunganisha maneno tu. Kila kijenzi kitajwe mara ya kwanza kwa idadi yake ("angalau betri mbili"), na kikirudiwa kifuatwe na kiashiria cha urejeshi ("betri hizo"), maana Kiswahili hakina kibainishi cha aina ya kile cha Kiingereza. Penye vitu viwili vya aina moja, vipewe nambari. Kirejeshi kikikabiliwa na nomino mbili za ngeli moja, sentensi igawanywe. Kwa kufuata kaida hiyo, sentensi (1) huwa:

(2) Mfumo wa kuunganisha betri, wenye betri ya kwanza yenye ncha chanya. Betri ya pili yenye ncha hasi. Na angalau ukanda mmoja wa shaba, ambao mwisho wake mmoja umekazwa kwenye ncha chanya ya betri ya kwanza, na mwisho wake mwingine umekazwa kwenye ncha hasi ya betri ya pili, ili umeme upite kwa ukanda huo kati ya betri hizo.

Sentensi hii haina neno lolote ambalo fundi wa Makambako hatalielewa. Ni ndefu, lakini urefu wake ni wa mpaka uliopimwa.

6.0 Hitimisho

Huweza kusemwa kwamba, maadamu ARIPO hupokea Kiingereza, jitihada hii haina haja. Hoja hiyo inasahau mwenye uvumbuzi. Anayetia sahihi chini ya madai asiyoweza kuyasoma amekabidhi mpaka wa shamba lake kwa mtu mwingine. Akiwa na matini ya Kiswahili isiyo na utata, anaweza kuikagua kabla haijafasiriwa, na mfasiri naye hupata chanzo kisichomlazimisha kubahatisha.

Kazi iliyo mbele ya idara za Kiswahili ni bayana: kukusanya lugha ya mafundi mahali wanapofanya kazi, Njombe na Makambako na kwingineko, kupima kwa wasomaji halisi ni sentensi zipi huleta usomaji zaidi ya mmoja, na kuandaa, pamoja na wanasheria na wahandisi, mwongozo mfupi wa uandishi wa madai. Wanafunzi wa sintaksia wamezoea kuuliza "na" ni kihusishi au ni kiunganishi. Katika ofisi ya hataza, jibu la swali hilo huamua nani atauza kifaa na nani atazuiwa.