Mkimya Kazini Si Mwenye Kiburi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 Tumshukuru Allah (S.W.T.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Leo nimependa tuzungumze juu ya kijana mkimya. Hapa kwetu, kutoka Malindi na Watamu mpaka Kilifi, vijana wengi riziki yao iko mahotelini, madukani na maofisini. Kijana huyu kazi anaifanya vizuri, hachelewi, haibi. Lakini wakubwa wanapoitisha pati ya mwisho wa mwaka, au ile siku ya kwenda ufuoni kucheza michezo, na kila mtu ni lazima aende, jambo hilo humkaa kifuani kama jiwe. Hawachukii wenzake. Kelele na mazungumzo ya watu wengi humchosha kuliko kazi yenyewe. Asipokwenda, huambiwa ana maringo. Na ikiwa kazi yake ni ya msimu wa watalii, jina hilo laweza kumfanya asiitwe tena msimu ujao. Hapo pana unga wa nyumba nzima.

Sasa tusichanganye mambo mawili. Kama pati ina ulevi, hilo ni suala la dini. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 32, inasema mtu asilazimishwe kufanya jambo lililo kinyume cha dini yake, na Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya dini. Basi kijana na aseme wazi, mapema, kwa adabu. Lakini asijifiche nyuma ya dini ikiwa shida yake ni ukimya. Ukimya nao una njia yake.

Tumtazame Nabii Musa (A.S.). Tunasoma katika Suratu Taha kwamba alipotumwa kwa Firauni, alimuomba Mola wake amkunjulie kifua, amfungue fundo la ulimi, na ampe nduguye Harun awe msaidizi wake. Je, alikemewa? La, ombi lake lilikubaliwa. Lakini safari hakusamehewa. Kwa Firauni alikwenda.

Basi wewe mkimya, tafuta Harun wako. Nenda na mwenzako mmoja mnayeelewana. Fika mapema kabla watu hawajajaa, wasalimie, shika kazi ya mkono kama kugawa chakula, kisha omba ruhusa uondoke. Na haki za wenzako usizipunguze: salamu, kumzuru mgonjwa, kwenda mazikoni. Mtume (S.A.W.) akikaa itikafu kumi la mwisho, akajitenga na watu. Lakini Bibi Safiyya (R.A.) alipokwenda kumzuru usiku, alizungumza naye, kisha akainuka kumsindikiza.

Nanyi mlio wakubwa kazini, mtu mpimeni kwa kazi na uaminifu wake. Mwalikeni, msimburute. Futari ya watu wanne watano yaweza kuunganisha nyoyo kuliko pati ya watu mia.

Wala tusiwanyooshee kidole mabosi peke yao. Hata sisi vijana, kwenye futari zetu, humsimamisha mgeni ghafla ajitambulishe, na akibabaika tunacheka. Na nyumbani, mtoto mkimya huitwa bubu mbele ya wageni. Jamani, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba haya ni sehemu ya imani. Vipi tumfanyie mtu mzaha kwa sehemu ya imani yake?

Basi magharibi ya kesho, ukimuona mtu amekaa pembeni ya mkeka, mpelekee tende na maji, ukae karibu naye bila kumhoji. Akitaka kusema, atasema.

Allah atukubalie funga zetu.