Mizani ya Soko na Wakili wa Serikali

Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Salamabila



Sisi tunaotembea kijiji kwa kijiji kwa kazi ya shirika, tunakuta lalamiko moja kila mahali. Mtu amerudi kwao. Pesa kidogo aliyoipata amenunulia mbegu, mabati ao jembe. Mbegu hazioti. Gunia lina kilo pungufu. Mizani ya dhahabu inasema uongo. Halafu anatuambia: "Nitashtaki kwa nani? Hiyo ni mambo ya soko tu." Leo tunataka kujibu swali hilo.

Kwanza tutenganishe vitu viwili: bei kali na udanganyifu. Sheria namba 18/020 ya tarehe 9 Julai 2018 inaacha bei huru. Mwenye duka anapanga bei yake, na Serikali inabaki na haki ya kuikagua. Ukienda kushtaki kwamba sukari imepanda tu, mara nyingi utarudi mikono mitupu. Lakini kudanganywa ni kitu ingine. Code pénal yetu, ile ya mwaka 1940, kifungu cha 99, inamwadhibu anayemdanganya mnunuzi: mmepatana kitu fulani, yeye anakupa kingine, ao anakupa kitu kinachofanana kwa macho tu. Nafaka ya kula iliyouzwa kwa jina la mbegu inaingia hapo.

Kifungu cha 100 ni cha kipimo. Hapo sikilizeni vizuri, kwa sababu kinamlinda mnunuzi na muuzaji pia. Mchimbaji wa Namoya anayepeleka dhahabu yake na kupimiwa kwa hila, sheria inamjua. Adhabu inaweza kufika mwaka mmoja wa gereza.

Sasa, nani anashika sheria hiyo? Ni Procureur na wasaidizi wake wa Parquet, yaani mawakili wa Serikali. Lakini Procureur hatembei sokoni na mizani mkononi. Yeye anafanya kazi na faili. Wewe unapeleka lalamiko kwa OPJ, OPJ anasikiliza pande zote mbili, anaandika procès-verbal, na hiyo ndiyo inapanda Parquet. Kama faili ni tupu, hata Procureur mwenye moyo mzuri hawezi kitu. Atauliza mambo matatu: Mlipatana nini? Ulipewa nini? Na muuzaji alijua?

Swali la tatu ndilo linaua kesi nyingi. Mama mwenye meza sokoni, pengine naye aliuziwa mbegu mbaya na mtu wa mbali. Kwa hiyo, kabla ya yote, rudi kwake na mashahidi wawili. Akikubali kurudisha pesa, mambo yameisha kwa amani. Akikataa, ao mkigundua amewafanyia wengine vilevile, hapo mashahidi wenu wana uzito.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: wakili wa Serikali si wakili wako. Yeye anamshtaki mkosaji kwa jina la Serikali, na faini inaingia kwenye hazina ya Serikali. Ukitaka pesa yako irudi, iombe wewe mwenyewe mbele ya tribunal, kama partie civile. Tumeona watu wakifurahi kwamba mtu ameadhibiwa, halafu wanarudi nyumbani bila franka moja, kwa sababu hakuna aliyewaambia waombe. Na mtu wa ofisi akikudai pesa, muulize ni ya nini, na udai risiti.

Wenzetu waliokaa Nyarugusu, kule Kigoma, wanalijua neno lumbesa: gunia linalojazwa mpaka linaota kichwa juu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Tanzania wameweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia la mazao, na Wakala wa Vipimo ndio wanakagua. Faida yake ni nini? Mbele ya sheria hakuna tena mabishano ya "gunia limejaa" ao "halijajaa". Linawekwa kwenye mizani, namba inasema. Huku kwetu dhahabu ingali inapimwa kwa njiti za kiberiti na sarafu za zamani. Utamwambia Procureur nini? Kwamba njiti ilikuwa nzito? Bila namba, wakili wa Serikali hana pa kushika.

Ndiyo maana tunawaomba mambo manne. Moja: pimeni nyumbani kabla ya kwenda kuuza. Chama kinaweza kununua mizani moja ya wote na kuiweka kwa mtu mnayemwamini. Mbili: mkinunua mbegu, wekeni kiganja kimoja pembeni pamoja na mfuko wake, msipande zote. Tatu: ombeni karatasi, hata ya kuandikwa kwa mkono, yenye tarehe, kiasi na jina. Ine: chama kiwe na daftari la malalamiko. Mtu mmoja akidanganywa anaonekana mgomvi. Watu kumi kwenye daftari moja, hiyo ni faili.

Na neno la mwisho, tunalisema bila kuzunguka. Tunajua njia ya Parquet ni ndefu, na wengine wanaona ni rahisi kupeleka deni kwa mwenye bunduki. Atakusaidia leo, kesho atakudai wewe. Gunia la mbegu linaweza kulipwa, lakini mtoto wa mwenzako akipigwa kwa sababu yake, hakuna mizani ya kupima hiyo. Tulirudi hapa ili tukae. Tushike njia yenye karatasi, hata kama ni ya polepole.

 Mwenye swali, ainuke.