Hata Mtoto wa Pwani Huzidiwa na Joto



Kila inapofika Februari, hapa Dar es Salaam mazungumzo ni moja tu: joto. Ndani ya daladala joto, sokoni joto, hata ndani ya chandarua joto. Na ukilalamika, hakosi mtu wa kukwambia, "Wewe mtoto wa Pwani, joto utaliogopaje?" Leo nataka kusema na mtu huyo, maana maneno hayo hayo almanusura yatuzikie mwenzetu.

Mwezi Aprili 2018 tulifunga safari ya Bangkok, mji mkuu wa Thailand. Tulikuwa watatu: mimi, wifi yangu anayefundisha jiografia sekondari, na shoga yangu wa tangu shuleni, ambaye ni muuguzi. Tulicheza upatu miaka minne kwa ajili ya safari hiyo. Uwanja wa ndege watu wakatuuliza, "Mnafuata mzigo gani, nguo au vipodozi?" Tukajibu kwamba hatufuati mzigo, tunakwenda kutembea. Walicheka. Wanawake watatu wa makamo, kila mmoja na begi mgongoni kama mwanafunzi wa bweni!

Tulifikia nyumba ya wageni karibu na barabara ya Khao San, mahali wanapofikia vijana wa Ulaya wasafirio kwa fedha kidogo. Jina hilo maana yake ni mchele, kwa kuwa zamani mtaa ule ulikuwa wa biashara ya mchele. Siku hizi mchele wenyewe umo sahanini tu. Chumba chetu kilikuwa na vitanda vitatu, feni moja, na dirisha lililotazama ukuta. Ule usiku wa kwanza hatukulala. Dar, joto likizidi, unangoja upepo wa bahari alfajiri. Pale kuta zilikuwa zimenywa jua mchana kutwa, na usiku zikaanza kulitapika.

Wifi yangu, mwalimu, akatupa somo gizani. Alisema Aprili kwetu ni masika, mvua imepoza nchi, lakini kwao ndio kilele cha kiangazi, na joto la mchana kwa wastani hufika kama nyuzi 35. Tumetoka kwenye baridi yetu na kuingia kwenye moto wao kwa siku moja, na mwili huhitaji wiki moja au mbili kuzoea. Tukamwambia alale, shule zimefungwa.

Siku ya pili tulikwenda kutazama Kasri Kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1782 wakati mji ulipoasisiwa. Kabla hatujafika langoni, bwana mmoja nadhifu akatuzuia kwa adabu: kasri leo limefungwa kwa ibada, lakini ana rafiki mwenye bajaji, wao huiita tuk-tuk, atatutembeza kwa bei ya kutupa na kutupitisha kwenye duka la vito. Shoga yangu akamtazama, akasema kwa Kiswahili, "Kaka, sisi tunatoka kwenye tanzanaiti, vito tutakuja kununua kwako?" Tukampita. Kasri lilikuwa wazi, limejaa watu. Langoni wageni waliovaa kaptura walikuwa wanahangaika kutafuta vazi la kujisitiri. Sisi tulitoa khanga zetu begini, tukajifunga, tukaingia kwa heshima zote. Siku hiyo tulijiona wajanja wa dunia.

Ujanja ule ulitudumu siku moja tu.

Siku ya tatu, tarehe 12, tulikwenda hekalu la Wat Pho, penye sanamu ya Buddha aliyelala, urefu wake mita 46. Kisha tukashuka gatini Tha Tien kungoja kivuko cha kwenda ng'ambo ya mto Chao Phraya. Ilikuwa saa saba mchana. Hapo ndipo nilipoona kwamba shoga yangu amenyamaza. Yeye si mtu wa kunyamaza.

"Shoga, umekunywa maji?"

"Nimekunywa, bwana, niache."

Baadaye kidogo akaniita kwa jina la dada yake aliyeko Tanga. Nilidhani anatania. Wifi akamshika mkono, akashtuka: mwili unawaka. Magoti yakamwishia pale pale, juu ya mbao za gati.

Wasikilizaji, kukimbia kwetu hakukuwa na maana, maana hatukujua tukimbilie wapi. Aliyetuokoa ni mama mmoja muuza vyakula, mama lishe kama wetu. Hakujua Kiingereza, nasi hatukujua Kithai. Alimvuta mgonjwa kivulini, akalegeza nguo zake, akachota barafu kwenye ndoo ya soda zake, akamwekea shingoni na makwapani. Khanga zetu tukazilowesha, tukamfunika, tukampepea. Kijana wake akasimamisha teksi. Hospitali tulipofika, baada ya barafu yote ile, bado joto la mwili lilikuwa limepita nyuzi 39. Akatundikiwa dripu, akalazwa. Daktari alitwambia kwamba mtu aliyeshikwa na joto akianza kuchanganyikiwa, hapo si uchovu tena, ni hatari ya kifo, na apozwe palepale alipo bila kungoja gari.

Usiku ule shoga yangu alipopata fahamu sawasawa, akasema kweli. Kwa siku tatu alikuwa hanywi maji ila mafunda mawili matatu. Kwa nini? Aliogopa kuhangaika kutafuta choo mji wa watu. Muuguzi huyo, ambaye kila siku huwahimiza wagonjwa wake wanywe maji! Nasi tuliomwona anadhoofika tukamwambia ajikaze, yeye mtoto wa Tanga.

Fedha tulizoweka za kwenda kaskazini kwa treni zikaishia hospitali, kwa kuwa bima ya safari tuliiona gharama ya bure. Alitoka kesho yake, tarehe 13, siku ya kwanza ya Songkran, mwaka mpya wao, ambapo watu humwagiana maji kwa kutakiana heri. Mtoto mmoja akamsogelea na kopo, akasita. Shoga yangu akainamisha kichwa, akamwagiwa, akalia na kucheka pamoja.

Nimelisimulia hili kwa sababu joto halikai Bangkok peke yake. Mtazame msukuma mkokoteni wa Kariakoo saa nane mchana. Mtazame mama lishe, jua juu, moto chini. Katika hewa yenye unyevu kama yetu jasho halikauki upesi, na jasho lisipokauka halipozi mwili. Mzaliwa wa Pwani naye ana mwili wa nyama na damu.

Na liko jambo la pili, ambalo waheshimiwa wa halmashauri walisikie. Wako wanawake wengi wanaoshinda sokoni na vituoni bila kunywa maji kwa sababu moja tu: choo hakuna, au kipo na hakiingiliki. Wako mabinti shuleni wanaofanya vivyo hivyo. Tunawahimiza wanywe maji, lakini hatuwaambii wakajisaidie wapi. Maji ya kunywa na choo safi ni ndugu wa tumbo moja, ukimnyima mmoja umemnyima na mwenzake.

Basi ukimwona mwenzio amenyamaza juani, usimwambie ajikaze. Mpeleke kivulini, mpe maji, na kama maneno yake hayaeleweki, mpoze mwili na umwite mganga.

Shoga yangu yu mzima. Tumeanza upatu mwingine, na safari hii bima ndiyo ya kwanza kulipwa.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.