Ahadi ya Samaki wa Jumapili



Nilipokwenda Scotland kumtembelea binti yangu, nilibeba fimbo ya kuvulia na nzi wa bandia niliowafunga kwa mkono wangu, kama tulivyozoea kuvua trauti katika mito ya Nyandarua. Nilimwahidi mjukuu wangu kwamba Jumapili tutavua samoni mto Tay. Kumbe sheria ya huko inakataza kuvua samoni Jumapili! Siku nyinginezo sharti kwanza upate ruhusa ya mwenye haki ya uvuvi. Jumatatu nikapanda ndege, nikimwacha mtoto analia. Vijana, ahadi ni deni. Ulizeni masharti kwanza, ndipo muahidi. Deni langu bado sijalilipa.