Maji ya Chini ni Akiba Yetu Sote
Hotuba ya Kamati ya Maji, Kambi ya Kakuma, Siku ya Maji Duniani



Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1992, mwaka uleule Umoja wa Mataifa ulipoitenga tarehe 22 Machi kuwa Siku ya Maji. Tunaishi kwa visima virefu vilivyochimbwa kando ya laga ya Tarach. Laga hiyo hukauka sehemu kubwa ya mwaka. Mafuriko yakipita, maji huzama mchangani na kujaza akiba ya chini. Mvua ikikosa, akiba haijazwi, nasi tunaendelea kuchota.

Pampu za umeme wa jua zimepunguza gharama ya dizeli. Lakini jua halilipiwi, na hapo ndipo penye hatari: pampu yaweza kuvuta maji kuliko yanayoingia. Sisi wanakamati tumezoea kuhesabu madumu tu, tukasahau kuuliza kina cha kisima.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kina kipimwe, na vipimo vibandikwe penye bomba tuvisome. Bomba linalovuja litengenezwe siku hiyohiyo. Na mifugo ya wenyeji ipate birika lake, maana kisima cha ugomvi hakimnyweshi mtu.

Kipimo cha UNHCR ni lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani dumu moja. Mama anayerudi na dumu tupu hatuwezi kumwambia angojee mafuriko. Tuitunze akiba mapema.